Iqama: Nambari inayoamua hatima ya mfanyakazi Saudi Arabia

MKENYA anayetua Riyadh, Jeddah au Dammam kwenda kufanya kazi huwa amezoea nambari mbili pekee: ile ya kitambulisho chake cha taifa na ile ya pasipoti. Kabla ya miezi mingi kupita, nambari hizo mbili huwa hazimsaidii sana. Akienda benki, akitaka kununua laini ya simu, akifika hospitalini au akisimamishwa na polisi barabarani, ataulizwa nambari nyingine kabisa.

Nambari hiyo ni ya iqama, yaani kibali cha ukaazi ambacho serikali ya Saudi Arabia humpa mgeni anayeishi nchini humo kwa ajili ya kazi. Wengi wa ndugu zetu walioko huko wanaijua iqama kama kadi ya kubeba mfukoni. Si wengi wanaojua kuwa kadi ni kivuli tu, na kwamba kitu chenyewe ni nambari iliyohifadhiwa katika kompyuta za Idara ya Pasipoti, ambayo Waarabu huiita Jawazat.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kadi inaweza kuwa safi, imetunzwa vizuri mkobani, ilhali nambari yake imekwisha kuzimwa mwezi uliopita. Mwenyewe hana habari. Siku atakapokaguliwa ndipo atakapogundua kwamba ameishi kinyume cha sheria za nchi ya watu, na kwamba aliyeizima nambari hiyo ni mwajiri anayempikia chakula kila siku.

Neno lenyewe halipaswi kututisha sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Iqama linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kaimu, makamu, kukimu na hata kiama, maneno yote yenye dhana ya kusimama au kuwepo mahali. Katika muktadha huu maana yake ni kukaa, na mkaazi mgeni huitwa muqeem. Tangu mwaka wa 2015 jina rasmi la kadi limekuwa kitambulisho cha mkaazi, lakini watu wameendelea kuiita iqama.

Nambari ya iqama ina tarakimu kumi. Ya kwanza ni 2. Raia wa Saudi Arabia naye ana nambari ya tarakimu kumi, ila yake huanza na 1. Kwa hivyo karani anapoitazama tarakimu ya kwanza tu, huwa amekwisha kujua kama aliye mbele yake ni mwenyeji au mgeni. Tarakimu zinazofuata hazitoboi siri yoyote kuhusu umri wala nchi ya mtu. Ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na tisa zilizotangulia, ili mashine iweze kutambua mtu anapokosea kuandika tarakimu moja.

Hapa pana mtego ambao mawakala wa ajira hawautaji kamwe. Katika kadi na katika stakabadhi nyingi nambari huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu cha mashariki, ambazo baadhi yake zinafanana na zetu lakini thamani ni tofauti. Sifuri ni nukta tu (٠). Tano (٥) imeviringika, na mgeni huidhania kuwa sifuri. Sita (٦) inafanana na saba yetu. Saba (٧) ni kama herufi V, na nane (٨) ni V iliyopinduliwa. Mbili (٢) na tatu (٣) hutofautishwa na jino moja lililozidi juu.

Mtu anayenakili nambari yake kwa kukisia umbo atampelekea dada yake aliye Mombasa au Kakamega nambari isiyokuwepo, na siku ya shida nambari hiyo haitamtambulisha mtu yeyote. Jambo la kushukuru ni kwamba, ingawa maandishi ya Kiarabu husomwa kutoka kulia, tarakimu zake huandikwa kutoka kushoto kama zetu. Na anayejua kutamka sita, saba na tisa tayari anayatamka majina yake ya Kiarabu, karibu yalivyo.

Kabla ya iqama kutoka, mgeni hutumia nambari nyingine. Afisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege humsajili kwa alama za vidole na kumpa nambari ya mpakani. Hii nayo ina tarakimu kumi, lakini haianzi na 2. Wengi huinakili wakidhani ndiyo iqama, hasa kwa kuwa mwajiri hujibu maswali yao kwa kuwaonyesha nambari hiyohiyo. Hiyo ni alama ya kuingia tu. Haimfanyi mtu kuwa mkaazi.

Sheria humtaka mwajiri kumtafutia mfanyakazi iqama katika muda wa siku 90 tangu alipoingia. Lazima apimwe afya kwanza, bima na ada zilipwe, kisha Jawazat itoe nambari. Anayekaa miezi minne au mitano akiwa na nambari ya mpakani pekee anapaswa kujua kuwa kuna jambo limekwama, na kwamba kosa si lake.

Ada nazo si zake. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia, katika kifungu cha 40, inasema wazi kwamba gharama za kumleta mfanyakazi, za iqama na kibali cha kazi, za kuvihuisha na hata faini za kuchelewa ni juu ya mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo katika sheria hiyo. Wana kanuni zao, zilizotolewa mwaka wa 2013 na kufuatwa na nyingine zilizoanza kutumika mwaka wa 2024. Hata hivyo, kwao pia mzigo wa ada ni wa mwajiri. Yaya anayekatwa mshahara kulipia iqama yake anadhulumiwa.

Iqama ikichelewa kuhuishwa, faini ya mara ya kwanza ni riyali 500, ya pili ni riyali 1,000, na ya tatu huenda ikaambatana na kufukuzwa nchini. Anayefukuzwa ni mgeni, wala si mwajiri aliyesahau kulipa.

Kwa miaka mingi tarehe ya mwisho katika kadi iliandikwa kwa kalenda ya Hijria, ambayo mwaka wake una siku 354 au 355. Aliyehesabu miezi kumi na miwili kwa kalenda yetu alijikuta amepitwa na siku kumi na moja hivi. Mwaka wa 2023 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha kalenda ya Miladi itumike katika shughuli rasmi. Hata hivyo, ni busara kuuliza tarehe iliyoandikwa ni ya kalenda gani.

Sasa tufikie kiini cha mambo. Nambari ya iqama ni ya mfanyakazi, haibadiliki kadi inapohuishwa, na hubaki ileile hata anapohamia kwa mwajiri mwingine bila kuondoka nchini. Lakini uhai wake umefungwa kwa mwajiri, au kafili, kwa mujibu wa utaratibu unaojulikana kama kafala. Ni mwajiri anayeomba itolewe. Ni yeye anayelipa ili ihuishwe. Na ni yeye anayeweza kupeleka ripoti kwamba mfanyakazi wake ametoroka.

Ripoti hiyo Waarabu huiita huroob, yaani kutoroka. Mwajiri huituma kwa mtandao, bila kwenda ofisini na bila mfanyakazi kuwepo. Ikiisha kuandikishwa, mwenye nambari hawezi kuhama kazi kwa njia ya kawaida, hawezi kuondoka nchini kama abiria wengine, na akishikwa huwekwa kizuizini. Kuna waajiri wanaoituma kwa haki, kwa sababu mtu kweli ameacha kazi bila kuaga. Kuna pia wanaoituma kwa kulipiza kisasi, baada ya mfanyakazi kudai mshahara wake au kukimbia kipigo.

Msomaji wa Kenya akitafakari hayo, huenda akakumbuka jambo ambalo babu zetu walilipitia papa hapa. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka wa 1915 na kuanza kuitekeleza mara tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Kipande kiliandikwa jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachishwa. Bila sahihi ya mwajiri wa zamani, mtu hangeweza kuajiriwa kwingine. Aliyeondoka shambani kwa mzungu bila sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro, akasakwa na polisi na kushtakiwa kama mhalifu. Ni dhiki hii, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, iliyowafanya watu kumfuata Harry Thuku mwaka wa 1921 na 1922. Sheria mpya ya usajili wa watu wa rangi zote ilipitishwa mwaka wa 1947, na kitambulisho tunachobeba leo ni kitukuu chake.

Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawasawa. Anayekwenda Ghuba leo anakwenda kwa hiari yake, akiwa na mkataba. Lakini fikra ni ileile: utambulisho wa mtu na kazi yake vimeunganishwa kwa fundo moja, na anayeshika ncha ya kamba si yeye.

Fundo hilo limelegezwa, ila si kwa wote. Mnamo Machi 14, 2021 Saudi Arabia ilianza kutekeleza mageuzi yaliyowaruhusu wafanyakazi wa kampuni kuhama kazi baada ya mwaka mmoja bila idhini ya mwajiri, na kujiombea wenyewe visa ya kutoka na kurudi. Mwaka wa 2022 utaratibu wa ripoti za utoro nao ulibadilishwa, na mfanyakazi wa kampuni aliyeripotiwa akapewa siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka.

Walioachwa nje ya mageuzi ya 2021 ni wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani, wachungaji na vibarua wa mashambani. Ni wazi kwamba hilo linawahusu Wakenya wengi, kwa kuwa wenzetu wengi huko wameajiriwa majumbani. Kwao kuhama bila idhini kunawezekana tu kukiwa na sababu zilizotajwa na serikali, zikiwemo kutolipwa mshahara kwa miezi mitatu, kukodishwa kwa watu wengine, kuteswa au kusingiziwa kwamba wametoroka. Kuthibitisha sababu hizo ukiwa umefungiwa katika nyumba ya mtu si jambo jepesi.

Ndiyo maana mfanyakazi anahitaji kuichungulia nambari yake mwenyewe, mara kwa mara, bila kupitia kwa mwajiri. Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ina huduma ya mtandaoni iitwayo Absher, neno lililo jamaa ya bashiri letu. Mtu akifungua akaunti yake kwa nambari ya iqama na laini ya simu iliyo kwa jina lake, ataona tarehe ya kumalizika kwa kibali, jina la mwajiri aliyeandikishwa, kazi iliyoandikwa, na kama ametolewa visa ya kutoka.

Jambo hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Kuna visa mbili za kutoka: moja ya kwenda na kurudi, nyingine ya kuondoka moja kwa moja, ambayo huitwa khuruj nihai. Hiyo ya pili ikiisha kutolewa, mwenye nambari ana siku 60 za kuondoka. Mwajiri asipomwambia, siku hizo hupita akiendelea kufua na kupiga pasi, na zikipita amevunja sheria.

Vilevile jina la mwajiri na kazi iliyoandikwa vichunguzwe kwa makini. Kuna biashara ya kile ambacho mawakala huuza kama viza huru: mtu humlipa kafili asiyemjua ili amwandikishe, kisha hutafuta vibarua popote apatapo. Hakuna viza kama hiyo katika sheria. Kumtumikia mtu ambaye hayumo katika rekodi ya iqama yako ni kosa, na kafili wa aina hiyo huweza kumripoti mteja wake kuwa mtoro siku atakayoshindwa kulipa.

Akaunti ya Absher ina hatari yake pia. Ili kuiingia, mfumo hutuma nambari ya siri ya muda katika simu. Walaghai huwapigia wageni wakijifanya maafisa wa benki au wa Jawazat, wakaiomba nambari hiyo. Anayeipata anaweza kufungua akaunti za fedha kwa jina la mwenzake. Laini za simu nazo huandikishwa kwa nambari ya iqama pamoja na alama za vidole, kwa hivyo anayemnunulia rafiki laini kwa jina lake atawajibikia yatakayofanywa kwayo.

Pasipoti mpya ni suala ambalo husahaulika. Mkenya anapopata pasipoti nyingine ubalozini Riyadh, nambari ya pasipoti hubadilika, lakini ile ya iqama haibadiliki. Inabidi habari za pasipoti mpya zihamishiwe katika rekodi ya Jawazat, la sivyo nambari mbili hazitaoana na safari itakwama uwanja wa ndege. Nayo pasipoti, ieleweke, si mali ya mwajiri. Sheria za Saudi Arabia zinamkataza kuizuia.

Mkasa mchungu zaidi ni wa watoto. Mtoto wa mgeni hupata nambari yake mwenyewe, lakini huandikishwa chini ya iqama ya mzazi anayeruhusiwa kuishi na familia. Iqama ya yaya haimpi ruhusa hiyo, na ili mtoto apewe cheti cha kuzaliwa wazazi huhitajika kuonyesha cheti cha ndoa. Matokeo yake ni kwamba wapo watoto wa akina mama wa Kenya waliozaliwa huko na wasiokuwa na nambari yoyote, ya Saudi Arabia wala ya kwetu. Asiye na nambari hapandi ndege, na mama naye hawezi kuondoka akimwacha.

Wanaokwenda nchi jirani wasidhani kuwa mambo ni yaleyale. Katika Milki za Kiarabu nambari ina tarakimu 15 na huanza na 784, ambayo ni alama ya kimataifa ya nchi hiyo, ikifuatwa na mwaka wa kuzaliwa. Tangu Aprili 2022 kadi hiyo ndiyo ithibati ya ukaazi, na stika ya visa haibandikwi tena ndani ya pasipoti. Kuwait hutumia tarakimu 12 zenye tarehe kamili ya kuzaliwa.

Qatar ndiyo inayosema mengi zaidi. Nambari yake ya tarakimu 11 huanza na alama ya karne, 2 kwa waliozaliwa karne iliyopita na 3 kwa waliozaliwa kuanzia mwaka wa 2000, kisha tarakimu mbili za mwaka na tatu za nchi ya mtu. Alama ya Kenya ni 404, ya Tanzania 834 na ya Uganda 800. Hivyo Mkenya aliyezaliwa mwaka wa 1986 atakuwa na nambari inayoanza na 286404, na yeyote aisomaye atajua umri na utaifa wake kabla ya kumwona uso. Mimi binafsi naona ukimya wa nambari ya Saudi Arabia una staha zaidi, lakini hilo ni suala la ladha.

Kwa familia zilizobaki nyumbani, kinachohitajika hakijai hata nusu ya ukurasa wa daftari: nambari ya iqama kwa tarakimu zetu, nambari ya mpakani, tarehe ya kumalizika kwa kibali, jina la kafili kama lilivyo katika rekodi na mji anakoishi. Picha ya kadi, pande zote mbili, iwekwe katika simu ya mtu mwingine asiye msafiri. Jamaa akipotea au akifa, ubalozi na maafisa wa Riyadh watatafuta kwanza kwa nambari hiyo. Majina yetu, yakisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu na kurudishwa tena katika herufi za Kilatini, huwa hayafanani tena na yale yaliyo katika kitambulisho cha Kenya: Wanjiku na Achieng' hutoka upande wa pili yakiwa maneno ambayo hata mama mzazi hawezi kuyatambua.